Kabla Hujashika Bisibisi: Ufundi Kompyuta wa Leo

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji wetu, mlioko Shangani, Mikindani, Lindi mjini na kule juu Newala. Vijana wengi wanauliza wasomee nini ili wawe watu wa TEHAMA maofisini. Kaka Selemani, tuanze na kazi yenyewe. Imebadilika wapi?

SELEMANI: Imehama kwenye chuma, ikaenda kwenye akaunti. Chukua kazi ya kila siku: laptopu imekufa, mteja anataka mafaili yake. Zamani ulifungua skrubu, ukachomoa diski, ukaitia kwenye kasha la USB, ukanakili, kazi imeisha. Leo jaribu hivyo kwa mashine ya Windows 11 iliyowashwa mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft. Mara nyingi diski imefungwa na BitLocker, kinga ya Windows inayofunga data kwa ufunguo, hata kwenye toleo la Home, na mwenyewe hana habari. Ukiichomeka kwingine inadai ufunguo wa tarakimu 48.

ZUHURA: Na mteja hajui hata kama ufunguo huo upo.

SELEMANI: Upo, kwa kawaida ndani ya akaunti ile ile. Sasa akaunti aliifungua nani? Pengine aliyemuuzia, kwa barua pepe aliyoibuni pale pale dukani, na paswedi haikumbukwi tena. Hapo bisibisi haina kazi. Kwa hiyo ukipokea laptopu, swali la kwanza ni hili: akaunti ni ya nani, na unaweza kuingia kwa simu yako sasa hivi hapa mezani? Akiingia, nakilini ufunguo kabla hujagusa kitu. Hata kusasisha BIOS tu, ile programu ya msingi inayoiamsha mashine, kunaweza kuifanya mashine iudai. Na ukibadilisha mazabodi, jiandae kuulizwa.

ZUHURA: Kumbe kuna wanaofomati wakidhani ni kirusi.

SELEMANI: Wengi tu. Na SSD, diski ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka, ikishafutwa, usitegemee zile programu za kurudisha mafaili. Diski ya zamani iliacha data palepale mpaka iandikwe juu yake. SSD huambiwa na Windows nafasi ipi haitumiki tena, nayo huisafisha yenyewe.

ZUHURA: Windows 10 je? Watu bado wanayo.

SELEMANI: Msaada wake wa kawaida umekoma tarehe 14 Oktoba 2025. Wateja wanaleta mashine wakitaka 11, inakataa, inataja TPM 2.0, sehemu ya mashine inayotunza funguo za usalama. Usikimbilie kusema mashine haifai. Ingia BIOS kwanza, kwa sababu mara nyingine TPM ipo ila imezimwa. Kwenye Intel inaandikwa PTT, kwenye AMD fTPM. Ila kama prosesa ni Intel ya chini ya kizazi cha 8, karibu zote hazimo kwenye orodha ya Microsoft. Mwambie mteja ukweli, usimlazimishie.

ZUHURA: Kwa hiyo chuma tukisahau?

SELEMANI: Hapana dada, hasa huku kwetu pwani. Unyevu na chumvi ya bahari hula pini za RAM. Mashine inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi. Zima, chomoa umeme, toa RAM, sugua pini taratibu kwa ufutio safi wa penseli, pangusa kwa spiriti, subiri ikauke, rudisha mpaka vibano viite. Kingine ni kibetri cha CR2032. Kikiisha, umeme ukikatika saa ya kompyuta inarudi miaka ya nyuma, na kivinjari kinakataa karibu kila tovuti kikisema cheti cha usalama si halali. Ofisi nzima inalaumu bando.

ZUHURA: Siku ya mnada wa korosho hiyo!

SELEMANI: Ndiyo siku yake. Angalia saa pale chini kulia kabla hujagusa ruta.

ZUHURA: Haya, masomo. Aanzie wapi?

SELEMANI: VETA ipo Mtwara na Lindi. Akaulize fani ya TEHAMA inapokea lini. Anayetaka njia ya vyuo vya kati aangalie kama chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Katika ngazi zake za tuzo, NTA, ngazi ya 4 ni cheti, ya 6 ni stashahada. Nje ya hapo kuna CompTIA A+, cheti cha kimataifa cha ufundi kompyuta. Ni mitihani miwili, kila mmoja dakika 90 na maswali yasiyozidi 90. Kufaulu ni alama 675 kwa wa kwanza na 700 kwa wa pili, katika kipimo kinachoishia 900. Kiswahili hakimo, kwa hiyo Kiingereza cha ufundi akisome mapema. Asiye na ada aanze na masomo ya bure ya Cisco Networking Academy, afanye mazoezi kwenye Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao.

ZUHURA: Packet Tracer haifundishi kukaza plagi kwenye kebo ya mtandao lakini.

SELEMANI: Haifundishi, na hapo ndipo wengi wanaangukia. Mpangilio wa waya nane kwenye plagi ni ule uitwao T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mwanafunzi anaona buluu imekatisha katikati ya kijani, anadhani ni makosa, anapanga kila jozi pamoja. Ncha zote mbili anapanga hivyo hivyo. Testa ya bei rahisi inawasha taa 1 hadi 8 bila tatizo.

ZUHURA: Na mtandao unasuasua.

SELEMANI: Kwa sababu testa inaangalia tu kama waya wa 3 umefika kwenye 3. Haijui waya upi umesokotwa na upi. Mtandao hutumia 3 na 6 kama jozi moja. Ukizipa waya za jozi mbili tofauti, usokoto haufuti tena kelele za umeme. Kebo ya mita 2 inaweza kufanya kazi, ukivuta mita 40 mpaka chumba cha pili inaanza kukatika. Dawa ni kukata ncha zote mbili na kuanza upya, na usifungue usokoto zaidi ya milimita 13.

ZUHURA: Na jengo likiwa refu, kebo ikapita mita 100?

SELEMANI: Weka swichi ya mtandao katikati, na uitafutie umeme wake kabla hujavuta waya.