Supu haionji: vitenzi vishirikishi na vivumishi katika Kiingereza

Ndugu walimu, tuanze na sentensi mnayoisahihisha kila muhula: "The soup tastes well." Aliyeiandika si mvivu. Mlimfundisha kwamba kitenzi huelezwa na kielezi, naye akatii. Lakini supu hapo haitendi lolote, haionji kitu. "Tastes" ni kitenzi kishirikishi, kinafanya kazi ya "ni": kinaunganisha kiima na sifa yake. Sifa ya nomino ni kivumishi, kwa hiyo "The soup tastes good."

Kundi lenyewe ni dogo. Kuna "be" na maumbo yake, "seem", "become", "remain", kisha vya milango ya fahamu: "look", "sound", "smell", "taste", "feel". Vya mabadiliko tunavipuuza mno, ilhali vinahitajika kila siku: maziwa yakichacha, "the milk has gone sour", chai ikipoa, "the tea has got cold".

Utata uko kwa hivi vya milango ya fahamu, maana vina sura mbili. Andikeni ubaoni "He looked angry", na chini yake "He looked angrily at the conductor". Ya kwanza inaeleza alivyoonekana. Ya pili ni tendo: kamkazia macho kondakta. Kipimo ni kukitoa kitenzi na kuweka "was". "He was angry" inasimama. "He was angrily at the conductor" inaanguka. Jaribuni pia "The cook tasted the soup carefully". Ukiweka "was", mpishi anageuka supu! Basi hapo ni tendo, na "carefully" ni halali.

Kosa jingine linatokana na Kiswahili chetu. Tunasema nimechoka, amekasirika. Hali yote imo ndani ya kitenzi. Mwanafunzi anaiona "-me-", anachukua "have", anaandika "He has angry". Mzoezeni kwamba "-me-" ya hali huenda kwa "be" na kivumishi: "He is angry", "I am tired".

Msiwaambie kwamba kila chenye "-ly" ni kielezi. "Friendly" na "lonely" ni vivumishi, hivyo "She seems friendly" ni sahihi. "Well" nayo ni kivumishi ikihusu afya: "I don't feel well." Na "asleep", "afraid" na "alive" kwa kawaida hazitangulii nomino: husemwa "the baby is asleep", lakini "a sleeping baby".