Mpe Mbwa Embe, Kokwa Usimwachie

Habari zenu wapendwa, karibuni tena nyumbani kwetu Muheza, mkoani Tanga. Leo hatupiki. Nina embe dodo moja hapa, kisu, kibao, bakuli dogo, na chini ya meza amekaa Bosi, mbwa wetu wa kienyeji. Ana miaka minne, ana kilo 15. Mdogo wangu ndiye ameshika kamera.

Swali mnaloniuliza kila msimu wa maembe ni hili: mbwa anaweza kula matunda yetu? Anaweza. Embe, papai, nanasi, ndizi, tikiti, hayo yote nyama yake haimdhuru akipewa kidogo. Kinachomdhuru mara nyingi ni kile tunachokitupa sisi baada ya kula: kokwa, maganda, mbegu, makapi. Ndiyo maana video hii itaanzia kwenye kibao na kuishia kwenye ndoo ya taka, na naomba sana usiikatishe kabla hatujafika kwenye ndoo.

Nina sababu ya kuomba hivyo. Kabla ya Bosi tulikuwa na Popi. Desemba moja watoto walikaa uani wakala maembe sindano, yale madogo, kokwa wakazitupa pale pale chini ya mwembe. Jioni Popi akaanza kutapika. Tukasema amekula kitu kibaya, kitapita, tukampa maziwa. Siku ya pili hakugusa chakula, akawa anajinyoosha, miguu ya mbele chini, matako juu, kama anayesujudu. Hatukujua kwamba mbwa anayekaa hivyo anaumwa tumbo. Siku ya tatu tumbo lilikuwa gumu, tukampeleka kwa daktari wa mifugo, akapasuliwa. Ilitoka kokwa moja ya embe sindano. Ilikuwa imekwama kwenye utumbo mwembamba, na sehemu ile ya utumbo ilikuwa imeshageuka rangi. Popi hakuamka. Nayasema haya kwa sababu mimi nilikuwepo siku zote tatu na sikujua nilichokuwa nakiona.

Tuanze.

Hatua ya kwanza, chagua tunda. Bonyeza hivi kwa kidole gumba: limelegea kidogo, harufu ni tamu. Hilo linafaa. Embe bichi usimpe, na embe la chumvi na pilipili ndiyo kabisa, chumvi ile si ya tumbo la mbwa. Halafu kuna yale yaliyoanguka yenyewe yakalala chini siku mbili tatu. Nusa hili nililookota asubuhi: limeanza kutoa harufu ya pombe. Sukari imeshaanza kuchachuka, na mbwa akila ya namna hii mengi analewa kweli, anayumba na kutapika, maana mwili wake hauvumilii kilevi hata kidogo. Kama mna miembe uani, okoteni kila asubuhi.

Hatua ya pili, osha kisha menya. Sogeza kamera hapa kwenye kikonyo. Mnaona haya maji mazito yanayong'aa? Huu ni utomvu. Sote tumewahi kung'ata embe na ganda lake midomo ikawasha, ukapata vidonda pembeni ya mdomo. Mwembe na mkorosho ni miti ya ukoo mmoja, na kinachowasha kwenye ganda la embe ni ndugu wa kile kinachounguza kwenye ganda la korosho. Kwa hiyo kata kikonyo kwanza, acha utomvu udondoke, osha tena, ndipo umenye. Menya mpaka uone njano tupu. Ganda pia ni gumu kusagika tumboni, linaweza kujikunja likakwama.

Hatua ya tatu ndiyo yenyewe: kokwa. Simamisha embe, kisu kipite ubavuni mwa kokwa, hivi, kata shavu la kwanza. Geuza, kata la pili. Nyama iliyobaki kuizunguka kokwa, uile wewe, au iache. Najua ni kawaida yetu kumrushia mbwa kokwa afyonze ile nyama iliyobaki, tunaona tunamtendea wema. Sasa iangalie hii niliyoiosha. Ni pana kama kiganja cha mtoto, bapa, na hizi nyuzi zimeizunguka pande zote. Ikilowa mate inateleza kama kambare. Mbwa hatafuni kama sisi, akiona mwenzake anakuja anameza. Mbwa mkubwa anameza ya dodo, mbwa wa kilo 15 kama Bosi anameza ya sindano. Na ikishafika kwenye utumbo, nyuzi zinashika, haiendi mbele wala hairudi.

Hatua ya nne, kata vipande. Kwa mbwa wa ukubwa huu nakata vipande vya upana wa ncha ya kidole gumba. Mbwa mdogo, nusu yake. Usiongeze sukari, asali wala maziwa ya kopo.

Hatua ya tano, ajaribu. Kama hajawahi kula tunda hili, mpe kipande kimoja tu leo, kisha subiri mpaka kesho. Angalia kinyesi. Kikiwa laini sana, au akajikuna mdomo na masikio, tunda hilo si lake. Bosi, njoo. Kaa. Haya... Umeona amekitafuna kidogo tu akameza? Ndiyo maana tumekata vidogo.

Hatua ya sita, kiasi. Kanuni wanayoitumia madaktari wa wanyama ni kwamba vitafunwa vyote vya siku visizidi sehemu moja ya kumi ya nishati anayohitaji mbwa. Mbwa mzima wa kilo 15 anahitaji takriban kalori 800 kwa siku, kwa hiyo vitafunwa viishie kalori 80. Gramu 100 za embe zina kalori kama 60, na humo mna sukari karibu gramu 14. Mimi siendi mpaka ukingoni. Bosi anapata vipande sita kama hivi, mara mbili au tatu kwa wiki, basi. Na usimpunguzie dagaa kwa sababu umempa embe. Mtazamaji mmoja aliniandikia kwamba anampa mbwa wake machungwa kila siku apate vitamini C. Dada yangu, ini la mbwa linaitengeneza lenyewe vitamini hiyo. Tunda kwake ni la kumfurahisha tu, chakula ni ule ugali wa dona na dagaa. Mbwa mwenye kisukari au mnene kupita kiasi, muulize daktari wake kwanza.

Hayo ni ya embe. Mengine nayapitia upesi, kwa sababu utaratibu ni ule ule.

Papai: liive, menya, futa mbegu zote kwa kijiko. Tikiti: toa mbegu, na ile sehemu ya kijani usimwachie, wengi wanaitafuna na kumeza mapande. Ndizi mbivu: vipande vitatu vinne, ina sukari nyingi na inafunga choo ikizidi. Nanasi: menya macho yote yaishe, toa moyo wa katikati, ule mgumu, mpe nyama tu, kidogo, maana uchachu wake unachoma ulimi wa mbwa kama unavyochoma wetu. La kopo lenye sharubati ya sukari, hapana. Chungwa la hapa kwetu Muheza, kipande kimoja kisicho na mbegu, wengi hata hawalipendi. Ndimu na limau usimpe, mafuta ya ganda lake yana madhara. Stafeli, mbegu zile nyeusi zina sumu, na kwa sababu kuzitoa zote ni kazi, mimi silitumii. Fenesi, mbegu zake kubwa zinakwama kama kokwa.

Parachichi nimeulizwa mno. Kokwa yake ni duara, ngumu, inateleza, inaziba koo au utumbo. Majani, ganda na kokwa vina kitu kiitwacho pasini, ambacho ni hatari sana kwa ndege, mbuzi na ng'ombe. Mbwa anakivumilia zaidi, lakini nyama yenyewe ina mafuta mengi, na mafuta mengi kwa mpigo yanaweza kumletea uvimbe wa kongosho. Matunda ya kumpa yapo mengi, hili liache. Na ndugu zetu wa Murang'a, Embu na Meru mnaolima makadamia: hizo karanga ni sumu kwa mbwa. Ndani ya saa 12 miguu ya nyuma inalegea, anatetemeka, anatapika. Wengi hupona baada ya siku moja au mbili, lakini usisubiri uone kama wako ni kati ya hao wengi.

Sasa tusimame hapa kwenye ukwaju, kwa sababu hili halisemwi sana na ukwaju uko kila nyumba ya pwani.

Ilijulikana miaka mingi kwamba zabibu, mbichi au kavu, zinaua figo za mbwa. Sababu haikujulikana. Mwaka 2021 madaktari wa kituo cha sumu za wanyama cha ASPCA, shirika la kutetea wanyama la Marekani, waliandika walichokigundua baada ya mbwa kula udongo wa kuchezea watoto uliotengenezwa nyumbani kwa ule unga mchachu wa kuokea uitwao cream of tartar. Figo zake ziliharibika sawasawa na za mbwa aliyekula zabibu. Unga ule na zabibu vina kitu kimoja kwa pamoja, asidi ya tatariki. Wakaendelea kufuatilia, wakakuta pia mbwa waliodhurika namna ile ile baada ya kula ukwaju. Na ukwaju una asidi hiyo kwa wingi, ndiyo inayoupa ule ukali.

Fikiria jikoni kwako Ramadhani. Umeloweka ukwaju, umeukamua, umechuja juisi. Kwenye chujio yamebaki makapi, nyuzi na mbegu, bado yana ukwaju wa kutosha na pengine umeshatia sukari. Unayamwaga nyuma ya jiko. Mbwa anafuata utamu. Hakuna anayemwona, na kesho yake anapotapika hakuna atakayekumbuka makapi. Kwa hiyo ukwaju, juisi yake, makapi yake, zabibu kavu za pilau na za keki, vyote visimfikie mbwa. Ubuyu nao simpi: una uchachu wake, na ule wa kupikwa una sukari, rangi na mbegu ngumu.

Ikitokea ameshakula, fanya hivi. Kama ni ukwaju, zabibu au makadamia, piga simu kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, kabla dalili hazijaanza. Mwambie uzito wa mbwa, alichokula, kiasi gani na saa ngapi. Kwa ukwaju na zabibu, kutapika huja ndani ya siku moja, na figo zinaweza kufa kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Akianza kukojoa kidogo au kutokojoa kabisa, hali imeshakuwa mbaya. Kama ni kokwa, dalili ni zile za Popi: kutapika kunakorudi rudi, kukataa chakula, tumbo gumu, choo kutotoka, kujinyoosha vile nilivyosema. Picha ya tumbo inaweza kumsaidia daktari kuiona.

Na naomba msifanye mambo haya ambayo tumeyazoea. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, chumvi yenyewe inaweza kumuua. Usimnyweshe mafuta ya kula, yanaingia kwenye mapafu. Maziwa hayazimui sumu hii wala hayasogezi kokwa. Mimi niliyatoa maziwa, na yakanipotezea siku nzima. Daktari ndiye anayejua kama atapishwe na kwa dawa gani.

Sasa twende uani, hatua ya mwisho. Hii ndoo nilikuwa naiacha wazi pembeni ya mlango. Nimeitafutia mfuniko huu wa kubana, na juu yake naweka tofali. Angalia: kokwa inaingia, maganda yanaingia, makapi ya ukwaju wa jana yanaingia. Nafunika. Tofali juu. Kama huna ndoo yenye mfuniko, chimba shimo refu uvifukie, au tundika mfuko kwenye msumari ulio juu kuliko mbwa aliyesimama kwa miguu miwili. Watoto wa nyumba hii wana sheria moja: ukila embe, kokwa unaileta hapa mwenyewe mkononi. Jana mdogo kuliko wote, ana miaka mitano, alinifuata mpaka sokoni na kokwa yake ameishika, kwa sababu hakuweza kunyanyua tofali. Leo jioni natafuta tofali jepesi zaidi.