Intel au AMD: jinsi ya kupima prosesa kabla hujatoa hela

Karibuni watazamaji. Prosesa ni kifaa kinachopiga hesabu zote za kompyuta, na Intel na AMD ndizo kampuni zinazotengeneza prosesa za laptopu nyingi. Mezani hapa, Chikongola, Mtwara, kuna laptopu tatu za mtumba, na nimeziacha na vikaratasi vyake vya bei kama zilivyotoka dukani. Hii ya kushoto ina Intel Core i7-7500U, inauzwa shilingi 620,000. Ya katikati ina Intel Core i5-8250U, 580,000. Ya kulia ina AMD Ryzen 5 3500U, 600,000. Zote zina RAM ya GB 8, yaani kumbukumbu ya kazi ulizofungua, na SSD ya GB 256, yaani hifadhi ya mafaili. Mteja akizikuta zimepangwa hivi, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye i7. Saba ni kubwa kuliko tano, na bei yake imepanda kidogo, kwa hiyo anaona ndiyo bora. Leo tunazipima zote tatu, na wewe fuata kwenye mashine yako huku una kalamu na karatasi.

Nimeitoa video hii sasa kwa sababu malipo ya minada ya korosho yameanza kuingia. Ndicho kipindi wazazi wananunulia watoto laptopu za chuo, na vyama vya msingi vinatafuta mashine za kutunzia hesabu za wakulima. Hela hiyo mtu ameihangaikia mwaka mzima, kapalilia, kapulizia salfa, kaokota. Naumia nikiona inaishia kwenye mashine inayoganda ukifungua Excel na Chrome kwa pamoja.

Tuanze na jina. Hatua ya kwanza, sahau stika iliyobandikwa karibu na kibodi. Stika inabanduka na inabandikwa. Korosho zikifika ghalani hazipewi daraja kwa kutazama gunia, zinatolewa sampuli na kupasuliwa. Na hapa tunapasua. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Likifunguka dirisha la Task Manager, nenda Performance, halafu CPU. Jina kamili la prosesa liko juu kulia. Liandike lote, pamoja na herufi ya mwisho. Chini yake kuna mistari mitatu ya kunakili: Base speed, Cores, na Logical processors. Cores ni kori, sehemu zinazopiga hesabu. Logical processors ni thredi, idadi ya kazi ambazo kori hizo zinaweza kuzishika kwa wakati mmoja.

Sasa tazama karatasi yangu. i7-7500U: kori mbili, thredi nne, Base speed 2.7 GHz, yaani gigahezi, kipimo cha mwendo wa prosesa. i5-8250U: kori nne, thredi nane, 1.6 GHz. Ryzen 5 3500U: kori nne, thredi nane, 2.1 GHz. Umeiona? Ile i7 ya bei kubwa ndiyo yenye kori chache kuliko zote.

Hapa muuzaji atakwambia, "Bosi, tazama gigahezi, hii 2.7, hiyo 1.6." Usikubali hesabu hiyo. Base speed ni mwendo wa chini ambao kiwanda kimeuahidi kazi ikiwa nzito muda wote. Mashine ikihitaji nguvu, prosesa hupandisha mwendo yenyewe: i7 hii hufika 3.5 GHz, i5 hufika 3.4, Ryzen hufika 3.7. Tofauti ni ndogo. Halafu gigahezi za Intel na za AMD hazilinganishwi ana kwa ana, maana kila muundo unafanya kiasi chake cha kazi katika kila mzunguko. Hata ndani ya Intel yenyewe, gigahezi ya kizazi cha tatu si sawa na ya kizazi cha kumi na moja.

Kizazi unakisomaje? Kwa Intel, tazama tarakimu za baada ya kistari. 7500U ni kizazi cha saba, 8250U cha nane, 1135G7 cha kumi na moja. Na ukikumbuka mpaka mmoja tu, kumbuka wa kati ya saba na nane. Kwa miaka mingi Intel ilikuwa inatia kori mbili tu kwenye i5 na i7 za laptopu nyembamba, zile zenye herufi U. Mwaka 2017 AMD ikaja na Ryzen. Mwezi Machi ilitoa prosesa ya kompyuta za mezani yenye kori nane, Ryzen 7 1800X, kwa dola 499, wakati ya Intel yenye kori nane ilikuwa inapita dola 1,000. Agosti mwaka huohuo Intel nayo ikatoa kizazi cha nane, na laptopu nyembamba zikapata kori nne. Ushindani wa kampuni hizi mbili ndio uliotuletea mashine nzuri za mtumba kwa bei tunazozimudu, na ndiyo maana mimi sina timu kati ya Intel na AMD. Anayekushawishi ununue chapa bila kukutajia modeli, mwache.

AMD nao wana mitego yao ya majina. Ryzen 5 7520U inaonekana mpya kuliko Ryzen 5 5500U, na kweli ilitoka baadaye, mwaka 2022. Lakini muundo wake wa ndani ni uleule wa 5500U, unaoitwa Zen 2, na ina kori nne wakati 5500U ina sita. Namba kubwa peke yake haithibitishi kitu.

Hatua ya pili ni kipimo chenyewe, na hapa usiwe na haraka. Pakua 7-Zip, programu ya kubana mafaili yenye kipimo cha prosesa ndani yake. Ni ya bure, ni ndogo sana, haitamaliza bando lako. Weka toleo lilelile kwenye mashine zote, la sivyo namba hazilingani. Kabla hujaanza, chomeka chaji, maana laptopu nyingi hupunguza mwendo zikiwa kwenye betri. Funga programu nyingine zote. Rudi Task Manager, upande wa Memory, uangalie Slots used, yaani nafasi za RAM zilizojazwa. Mashine yenye vipande viwili vya RAM ina faida juu ya yenye kimoja hata kama jumla ni sawa, kwa hiyo andika na hilo.

Fungua 7-Zip, nenda Tools, halafu Benchmark. Juu kuna sehemu ya kuchagua idadi ya thredi. Weka 1 kwanza. Acha ijirudie mara kadhaa, kisha andika namba ya Total Rating iliyo chini. Hiyo inakuonyesha wepesi wa kazi ndogondogo kama kufungua barua au kuandika Word. Kwa mashine zangu tatu, tazama skrini, zinakaribiana. Huo ndio ukweli, na i7 haijaaibika hapo.

Sasa weka thredi zote ambazo mashine inazo, yaani nne kwa i7 na nane kwa hizi mbili. Anzisha tena. Sekunde za mwanzo usiandike kitu. Prosesa hizi zote zimepangiwa wati 15, na kazi ikianza huruhusiwa kupita hapo kidogo, zinakimbia sana, kisha zinatulia. Muuzaji anayekuonyesha kipimo cha nusu dakika anakuonyesha mbio za mwanzo tu. Iache robo saa. Kaa nayo. Weka kiganja pembeni hapa, hewa inapotokea. Ya i5 inatoa hewa ya moto na feni inavuma sawasawa, namba imeshuka kidogo kisha ikasimama. Hiyo ni afya. Lakini ukiona namba inaporomoka, inapanda, inaporomoka tena, na hewa inatoka kidogo sana, basi feni imejaa vumbi au pesti ya prosesa, ile inayosaidia kuondoa joto, imekauka. Kwa joto letu la Desemba hapa pwani, mashine hiyo itakusumbua kila mchana. Si kosa la Intel wala AMD, ni usafi, na fundi anaweza kuimaliza. Ila gharama ya fundi iingie kwenye bei.

Matokeo yangu baada ya robo saa: i5 na Ryzen zinafukuzana, i7 imeachwa mbali. Kori mbili haziwezi kushindana na nne kwenye kazi ya namna hii, hata ziitwe jina gani.

Hatua ya tatu, hesabu. Gawanya bei kwa kipimo, yaani Total Rating ya thredi zote. Nichukue namba za mfano ili ieleweke: mashine ya shilingi 600,000 yenye kipimo cha 12, kila pointi umeinunua kwa 50,000. Ya 700,000 yenye kipimo cha 20, kila pointi 35,000. Ya pili ina bei kubwa lakini ndiyo rahisi. Na bei unayogawanya iwe ya mpaka mashine ianze kufanya kazi kwako: bei ya duka, nauli ya mzigo kama inatoka Dar es Salaam, chaji kama haina, SSD kama ina diski ya zamani.

Lakini hesabu hiyo ina udhaifu, nisikilize vizuri. Kitu dhaifu kikiuzwa bei ya chini sana kinaweza kushinda kwenye mgawanyo na bado kisikufae. Nazungumzia hasa laptopu mpya za Celeron N4020, ndani ya boksi, zinanukia upya. Ile ina kori mbili na thredi mbili. Mzazi anaona mpya, ina waranti, inang'aa, anamnunulia mwanafunzi anayekwenda kusoma miaka mitatu. Kijana akifungua mkutano wa video na slaidi kwa pamoja, mashine inakwama. Kwa hiyo kabla ya kugawanya, weka kiwango cha chini ambacho hushuki. Changu mimi ni kori nne, na prosesa inayokubaliwa na Windows 11. Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa Intel za laptopu anzia kizazi cha nane, kwa Ryzen za laptopu anzia 3000. Ile i7 yetu ya kizazi cha saba imekwama hapo pia.

Kwa wanaotafuta kompyuta za mezani, neno moja tu. Intel yenye F mwishoni, kama i5-12400F, haina grafiki ndani, yaani sehemu inayochora picha za skrini. Ryzen 5 5600 nayo haina, 5600G inayo. Ukinunua isiyo na grafiki bila kadi, skrini itabaki nyeusi.

Sasa nani achukue ipi. Karani wa chama cha msingi, kazi yake Excel, majina ya wakulima, kilo na malipo: i5-8250U ya 580,000. Kijana anayepiga video za harusi: Ryzen, kwa sababu grafiki yake ya Vega 8 ina nguvu kuliko UHD 620 ya hii i5, na aongeze kipande cha pili cha RAM, maana grafiki hiyo inakula kutoka kwenye RAM hiyohiyo. Ila kama programu yake ya kuhariri inatumia Quick Sync, sehemu ya prosesa za Intel inayoharakisha kazi za video, ajaribu kutoa video ileile ya dakika tano kwenye zote mbili na atazame saa. Ile i7 mwambie muuzaji wazi: "Kaka, hii ina kori mbili na Windows 11 haiikubali, kwa 620,000 hapana." Wengine hushusha palepale.

Na kama muuzaji yuko Kariakoo na mnaongea kwa WhatsApp, usipokee picha ya stika. Omba video moja isiyokatwa: aanze na namba ya mashine iliyo chini ya laptopu, aigeuze, afungue Task Manager, aendeshe 7-Zip kwa thredi zote dakika kumi. Iandike ile namba ya mashine. Mzigo ukishuka kwenye basi, igeuze laptopu kwanza uilinganishe, kisha washa, Ctrl, Shift, Esc, ndipo umalizie hela iliyobaki.