PHP yako inaongea na MySQL kwa laibrari ipi?

Haya jamani, sogeeni mbele kidogo, mlioko nyuma maandishi ya skrini hamtayaona.

Naanza na kilichonikuta. Nilipandisha mfumo wa duka la dawa, wa PHP na databesi ya MySQL, kwenye hostingi ya kushea, yaani seva moja wateja wengi, kwenye laptopu yangu ulikuwa unapiga kazi safi kabisa, kule nafungua ukurasa wa mauzo nakuta mweupe pee. Kuangalia logi, inasema mysqli_stmt::get_result(), ile ya kuchukua majibu ya databesi, haijulikani. Kodi ni ileile, vesheni ya PHP ileile, na mwenye duka ananipigia simu wateja wamejaa kaunta.

Sasa shida iko hivi. Mysqli na PDO, njia mbili ambazo kodi ya PHP inafikia databesi, ni mlango tu, nyuma yake kuna laibrari ndiyo inabeba kwiri, yaani maombi yako, kupeleka MySQL na kurudisha majibu. Zamani ilikuwa libmysqlclient, ya lugha ya C, inatoka kwa watu wa MySQL wenyewe. Mwaka 2009 PHP 5.3 ikaja na mysqlnd, hii imeandikwa kwa ajili ya PHP na inakaa humohumo ndani ya PHP, na kufika 5.4 mwaka 2012 ikawa ndiyo ya kawaida. Hiyo get_result unaipata kwenye mysqlnd peke yake. Kuanzia PHP 8.2 mysqli haijengwi tena na libmysqlclient, ila seva za PHP ya zamani bado ziko nyingi na mteja hatakusubiri mpaka zihamishwe.

Nikawauliza watu wa hostingi, wakaniambia mysqlnd ipo. Nikapima mwenyewe kwa extension_loaded('mysqlnd'), ikajibu true, nikapoteza siku nzima natafuta kosa kwenye kodi yangu wakati kodi haina kosa! Hapa naomba mnisikilize vizuri: mysqlnd kuwepo ndani ya PHP ni kitu kimoja, mysqli kuitumia ni kitu kingine kabisa, zote mbili zinaweza kukaa nyumba moja halafu mysqli ikawa inapita kwa ile ya zamani.

Kwa hiyo muulize mysqli mwenyewe. Andika echo mysqli_get_client_info(). Mstari huo mmoja tu, wala huhitaji kukonekti databesi. Jibu likianza na neno mysqlnd, basi ndiyo hiyo. Ukipata namba tupu, kama 5.6.43, uko kwenye libmysqlclient. Kwenye PHP 7.0 mpaka 7.3 utaona mysqlnd 5.0.12-dev, usishtuke ukadhani MySQL yako ni ya kale, hiyo ni namba ya mysqlnd yenyewe, haihusiani na seva ya databesi.

Wa PDO, nyie konekti kwanza kisha ita getAttribute(PDO::ATTR_CLIENT_VERSION). Na usichukue jibu la mysqli ukalipeleka kwa PDO, kila mmoja anaweza kuwa amejengwa kivyake.

Kuna wanaopima kwa kuangalia kama mysqli_fetch_all ipo. Ilikuwa sawa zamani, lakini toka PHP 8.1 ipo kwa laibrari zote mbili, kwa hiyo haithibitishi kitu. Halafu pimeni kupitia brauza, maana PHP ya teminali na ile inayohudumia wavuti mara nyingi ni mbili tofauti, amri ya teminali php -i itakupa jibu la kweli la sehemu usiyoitumia.

Mimi nilivyopima hivyo nikaona namba tupu. Nikaingia kwenye paneli ya hostingi, kuna viboksi viwili, mysqli na nd_mysqli, yaani mysqli inayopita kwa mysqlnd, nikatoa tiki ya kwanza nikaweka ya pili, nikarifreshi, mauzo yakarudi. Kama paneli yako haina hicho kiboksi, badilisha kodi, badala ya get_result utumie bind_result na fetch, hizo zinakubali kote.

Haya, fungueni laptopu, tuandike ule mstari kila mtu kwenye seva yake, halafu mnisomee mlichopata mmoja mmoja, tuanze na dada hapo dirishani.