Uzito katika Udhibiti Bora: Uamuzi Unaobaki kwa Mhandisi

Ndugu wasikilizaji, tangu Rudolf Kalman alipoweka msingi wa kidhibiti cha mifumo ya mstari chenye gharama ya miraba, yaani kanuni ya kuendesha mfumo kwa kupunguza kadiri iwezekanavyo jumla ya miraba ya makosa na ya nguvu, mwaka 1960, ukokotoaji wenyewe umegeuka kuwa kazi nyepesi: kompyuta hutatua mlinganyo wa Riccati, ambao ndio unaotoa kidhibiti hicho, na kutoa jibu moja. Kinachobaki mikononi mwa mhandisi ni matriki (majedwali ya namba) mbili za uzito, yaani Q, inayotoza kosa la hali ya mfumo, na R, inayotoza nguvu ya kulisahihisha. Kidhibiti kinachopatikana ni bora kwa mujibu wa uzito huo tu, na uzito mbaya huzaa kidhibiti kibaya ambacho kihisabati hakina dosari.

Tukizidisha Q na R kwa namba ileile chanya, kidhibiti hakibadiliki. Kinachohesabika ni uwiano. Arthur Bryson alipendekeza kila uzito uwe moja gawanya kwa mraba wa kiwango cha juu kinachovumilika, na kwa maoni yangu hapa ndipo pazuri pa kuanzia, kwani mita na niutoni, ambazo hazijumlishiki, hugeuka namba zisizo na kipimo.

Chukueni kigari cha kilo 1 kisicho na msuguano, ambacho kisipotoke zaidi ya mita 0.1 na ambacho mota yake haipiti niutoni 5. Uzito wa mahali unakuwa 100, wa nguvu 0.04, na uwiano wao 2,500. Kipeuo cha pili cha uwiano huo, yaani 50, ndicho kizidishi cha mahali, yaani namba ambayo kidhibiti huzidisha nayo kosa la mahali ili kupata nguvu, na cha kasi ni 10. Kigari kikiachiwa kutoka mita 0.1, mota huanza kwa niutoni 5 barabara, lakini kasi hufikia takribani mita 0.32 kwa sekunde. Ikiwa kikomo cha kasi ni 0.2, tunaipa nayo uzito, 25. Kasi hushuka hadi karibu 0.16, ila kigari huchelewa kutulia. Kanuni imetufikisha karibu, haikutumalizia kazi.

Katika mfano huo kabla ya kuipa kasi uzito, wepesi wa mwitikio hufuata kipeuo cha nne cha uwiano, hivyo anayetaka kuuzidisha mara mbili lazima aongeze uwiano mara 16, na mota idaiwe nguvu mara 4. Ndiyo maana wazoefu hubadilisha uzito kwa kuzidisha kwa kumi, si kwa kuongeza asilimia chache.

Iwapo hali zote zinapimwa, kidhibiti hiki kina akiba ya awamu (kiasi cha uchelewaji wa mwitikio ambacho mfumo unaweza kuvumilia kabla ya kuyumba) isiyopungua digrii 60. Hali zikianza kukadiriwa kwa kichujio cha Kalman, yaani njia ya kuzikisia kutokana na vipimo vichache vyenye kelele, dhamana hiyo hutoweka, kama John Doyle alivyoonyesha mwaka 1978. Kwa hiyo kila uzito unapobadilishwa, akiba hiyo hupimwa upya.