Nani Huyu? Mhadhara juu ya Kumtambua Mtu Aliyefichwa Katika Ubeti

(Maneno haya yalisemwa Tanga, mbele ya walimu wa Kiswahili, wanafunzi na wapenzi wa ushairi.)

Wazee wetu, walimu wenzangu, wanafunzi na jamaa wote mliofika, Assalamu alaykum, na habari za jioni.

Naomba niwategee kwanza, kisha nieleze, kwa sababu anayeeleza fumbo kabla ya kulitega hupoteza nusu ya wasikilizaji wake. Fumbo lenyewe linatoka kwa jirani zetu wa Bagamoyo, na nimelitunga mwenyewe, kwa hiyo makosa yaliyomo ni yangu:

Mgeni atoka mbali, alikufa safarini,
Wakaukausha mwili, wakajitwika begani,
Moyo wake, tafadhali, ulizikwa mchangani,
Kabwaga moyo kikweli, ni nani huyu mgeni?

Nasikia huko nyuma mtu anasema "mmisionari". Amekaribia, lakini mmisionari ni kazi, na fumbo letu linataka mtu. Wamisionari waliokufa safarini katika nchi hizi ni wengi. Aliyeachwa moyo wake chini ya mti, mwili ukakaushwa juani na kuletwa pwani kwa miguu, ni mmoja tu: David Livingstone, aliyefariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Watumishi wake, akina Susi na Chuma pamoja na wenzao, waliubeba mwili huo kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi Februari 1874, na mwezi Aprili ukazikwa Westminster Abbey, London. Mji wa Bagamoyo umezoeleka kuelezwa kwa maneno "bwaga moyo", na watu wamebishana miaka mingi kama ni moyo uliotulia au moyo uliokata tamaa. Kwa mgeni huyu hapana haja ya kubishana, kwa sababu yeye moyo wake aliubwaga hasa, ila aliubwaga mbali kabla ya kufika.

Sasa niseme kwa nini naliita hili fumbo, wala siliiti kitendawili. Mtoto akisema "Kitendawili!" wenzake hujibu "Tega!" naye akitega kwamba nyumba yake haina mlango, wote hupaza sauti, "Yai!" Hakuna aliyefikiri hapo. Jibu la kitendawili kama hicho ni urithi, tumelipokea pamoja na swali lake, na raha yake ni raha ya kukumbuka. Fumbo la mtu halina jibu la urithi. Msikilizaji hupewa ubeti ambao hajapata kuusikia, kisha hutakiwa aende katika historia anayoijua, apite mlango kwa mlango, mpaka ampate mtu ambaye kila neno la ubeti linamkaa. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua; nami huwa nawauliza wanafunzi wangu, huyo mwerevu analigangua kwa kitu gani? Swali hilo ndilo lililonileta hapa.

Jibu langu ni kwamba huligangua kwa kujua mahali ambapo mtunzi alikuwa huru na mahali ambapo alikuwa amefungwa.

Shairi letu la kawaida lina mizani, yaani silabi, kumi na sita katika mshororo, yaani mstari, nane upande huu na nane upande ule, na kila upande, yaani kipande, una kina chake mwishoni, yaani silabi inayofanana na za mishororo mingine. Maana yake ni kwamba neno lililo mwisho wa kipande limefungwa kwa kamba mbili, ya mizani na ya kina. Mtunzi hakulichagua kwa maana peke yake. Huenda alilichukua kwa sababu lilimalizikia kwa silabi aliyoihitaji. Neno lililo mwanzoni mwa kipande limefungwa kwa kamba moja tu. Lingeweza kuwa neno jingine lolote lenye idadi ile ile ya silabi, na ubeti usingeharibika. Basi neno la mwanzo likiwa la ajabu, lishikeni, kwa kuwa limewekwa kwa makusudi. Neno la mwisho likiwa la ajabu, lisikilizeni kwa mashaka kwanza.

Tazameni "tafadhali" katika mshororo wangu wa tatu. Ndani ya fumbo halina kazi yoyote. Nilihitaji silabi ya "li", nami sikupata nyingine kwa haraka. Mfumbuaji mgeni angelikamata neno hilo na kujiuliza ni nani katika historia aliyekuwa na adabu ya kuombaomba, na angepotea. Mzoefu angelipita kama mtu anavyolipita jiwe njiani. Lakini "wakaukausha" liko mwanzoni, lingeweza kuwa "wakauchukua" au "wakausafisha", na mizani ingebaki ile ile. Kwa nini basi kukausha? Ukijiuliza hivyo umeshafika nusu ya safari.

Nawapa la pili, ambalo ndilo nililolipenda zaidi wakati wa kulitunga:

Fumba alikozaliwa, fumbo latoka kwa dhati,
Mtumwa jina kapewa, akalivua kwa beti,
Vyungu vikanunuliwa, njiani kila wakati,
Hindi akapokelewa, ikanaswa na sauti.

Kabla hamjanijibu, naomba mwangalie jambo moja ambalo lugha yetu imetupa bure. Katika ubeti huu wote hamjui kama anayesemwa ni mwanamume au mwanamke. "Alikozaliwa", "akalivua", "akapokelewa": kiambishi ni kile kile kwa baba na kwa mama. Ziko lugha ambazo mtunzi angelazimika kusema tangu neno la kwanza kama ni yeye wa kike au yeye wa kiume, na nusu ya wanadamu wangetoka katika hesabu papo hapo. Mswahili hufumba watu kwa urahisi kwa sababu sarufi yake yenyewe inamsitiri mtu. Na akitaka kusitiri zaidi, humtoa mtu katika ngeli ya watu kabisa, akamwita "kile" au "lile", na msikilizaji akadhani anatafuta chombo au jitu.

Nimejaribu fumbo hili kwa watu kadhaa, na karibu wote walianza kwa kutafuta mwanamume. Neno lililowapoteza ni "mtumwa". Walisoma mshororo wa pili hivi: mtumwa fulani alipewa jina. Wakaanza kukumbuka watumwa waliopewa majina mapya na mabwana zao au na wamisionari. Lakini mshororo huo unaweza kusomwa kwa njia nyingine, nayo ni nyoofu zaidi: jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Hakuna neno lililobadilika, ila pumzi ya msomaji imehama. Ukisha kulisoma hivyo, "akalivua" nalo linafunguka, maana jina huvuliwa kama nguo, na aliyelivua jina la Mtumwa lazima alivaa jingine.

Naam, mama yangu pale mbele amelisema. Ni Siti binti Saad. Alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, akatembeza vyungu kwa biashara, akahamia mjini mwaka 1911, na kwa uimbaji wake akapata jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, sauti yake ikaingizwa katika santuri, na santuri hizo zikasikika pwani nzima na mbali zaidi ya pwani. Alifariki mwaka 1950. Wasifu wake uliandikwa na mwandishi mmoja wa huku kwetu Tanga, ambaye leo simtaji, na sababu ya kutomtaja mtaiona baadaye kidogo.

Rudini sasa kwenye kanuni ya kamba. "Vyungu" liko mwanzoni, ni silabi mbili tu, na mahali pake pangeweza kukaa nazi, ndizi au kuni. Mtunzi alikuwa huru, akachagua vyungu, basi vyungu ni shahidi. "Kila wakati" liko mwishoni, na nakiri mbele yenu kwamba ni la kujazia. "Fumba" liko mwanzoni kabisa. Wengi walilisoma kama kitenzi, yaani kufumba macho au kufumba maneno, nami nilitaka walisome hivyo, ndiyo maana nikaliwekea "fumbo" karibu yake. Lakini mkilitazama vizuri, "Fumba alikozaliwa" haliwezi kuwa kitenzi, kwa sababu "ko" ya mahali inadai mahali. Sarufi ilikuwa imeshatoa siri, na masikio yetu hayakusikia.

Ipo hali moja ambapo kanuni yangu inashindwa, nayo ndiyo hali ya ufundi wa juu. Ni pale neno lililofungwa kwa kina linapokuwa ndilo ufunguo. "Sauti" limekaa mwisho wa ubeti, limefungwa kwa "ti", na bado ndilo linaloeleza maisha yote ya mtu. Mfumbuaji aliyezoea kudharau maneno ya mwisho hulipita, kisha hurudi baadaye akijilaumu. Mtunzi akifanikiwa kufanya hivyo mara moja katika ubeti, anastahili heshima. Akifanikiwa mara nne, mleteni kwangu nimwamkie.

Kosa kubwa la watunzi wa mafumbo ya watu si ugumu. Ni upana. Mara ngapi tumesikia mshororo kama huu: "Alikuwa mtu mwema, watu wakamheshimu"? Mizani imetimia, na maneno hayo yanamkaa kila marehemu aliyepata kusifiwa matangani katika mji huu. Fumbo la namna hiyo halifumbuliwi, hukisiwa tu, na anayelipata amepata kwa bahati. Dalili nzuri ni ile ambayo peke yake inaweza kuwakaa watu ishirini, ikikutana na ya pili wakabaki watatu, na ya tatu ikimaliza kazi. Wauza vyungu walikuwa wengi, waliozaliwa Fumba ni wengi, waimbaji waliorekodiwa India wanahesabika, lakini aliyekuwa yote matatu ni yeye.

Na kosa la pili, ambalo mimi mwenyewe nililitenda ujanani, ni kusema uongo kwa ajili ya kina. Niliwahi kutega fumbo mbele ya wanafunzi juu ya mtu mashuhuri, nikaandika kwamba alifia vitani, kwa kuwa vina vyangu vilikuwa vya "ni" na neno "vitani" lilikuja lenyewe. Msichana mmoja alikaa kimya muda wote. Jibu lilipotolewa alisimama akasema kwa adabu kwamba jina hilo alikuwa nalo tangu mshororo wa kwanza, ila alilitupa kwa sababu mtu huyo hakufia vitani. Alikuwa na haki, na mimi sikuwa na la kujibu. Tangu siku ile naamini kwamba mfumbaji anaruhusiwa kuficha, kupinda, kutanguliza la nyuma na kuchezea maneno yenye maana mbili, lakini haruhusiwi kudanganya. Mfumbuaji anapokwisha kuambiwa jibu, anapaswa kuweza kurudi kwenye ubeti na kukuta kila neno likisimama kwa miguu yake.

Hapa Tanga hamhitaji kufundishwa kwamba watu hufichwa ndani ya nyimbo. Mji huu umelea taarabu, na vikundi vyake, Black Star kikiwa miongoni mwa vilivyovuma, vilifanya mafumbo yakasikika mbali. Lakini fumbo la taarabu ni la aina nyingine. Pale dalili huachwa pana kwa makusudi, ili kila mwenye lake ajione au amwone jirani yake. Mama akainuka kwenda kumtuza mwimbaji katika mshororo fulani, na kwa kuinuka kwake akawa amejaza jina ambalo mtunzi hakulitia. Jibu linaandikwa ukumbini. Mtunzi akiulizwa kesho, anasema aliimba juu ya ua au ndege, na huwezi kumshika. Napenda sana ufundi huo, ila nisingependa tuuchanganye na huu tunaouzungumzia, kwa sababu kule upana ni ngao na huku upana ni udhaifu.

Nimeambiwa muda unakwisha, na wako wanaotazama lango. Naacha ubeti mmoja bila jibu:

Jina la kwanza ni mwezi, la pili ni la Ulaya,
Forodhani kwenye kazi, moyoni mwake ni aya,
Nchi hewani, azizi, kaiweka kwa riwaya,
Wa Fumba ndiye mwelezi, ni nani, jamaa, haya?

Nasaidia kidogo tu: "azizi" lipiteni, mmeshajua limekaa wapi na kwa nini. "Forodhani" msilipite. Na mkishindwa, desturi inataka mnipe mji ndipo niseme. Lakini nawaambieni mapema kwamba kwa fumbo hili nikipewa Mombasa nitakataa, nikipewa Unguja nitakataa, na mji nitakaoukubali ni huu tulioketi ndani yake.