Safu Nzima Imeandikwa 0.5

ZUHURA: Haya, tumerudi hewani. Leo hatuna mgeni. Mgeni ni mwenzangu huyu huyu, maana kabla ya kukaa nyuma ya maiki alikula miaka yake kwenye mtambo wa kusafisha maji, mwisho akawa msimamizi wa zamu. Kaka Baraka, juzi ulinitupia neno ukaniacha nalo: eti daftari la zamu likiwa safi mno, msimamizi hapati usingizi.

BARAKA: Ndiyo, dada. Asubuhi moja nakagua daftari la zamu ya usiku, safu ya klorini iliyobaki. Saa nne usiku, 0.5. Saa tano, 0.5. Saa sita, 0.5. Hivyo hivyo hadi kunakucha. Wino mmoja, mwandiko mmoja, umelala upande mmoja kama umeandikwa kwa pumzi moja.

ZUHURA: Sasa si ndicho kiwango mnachokitaka? Ungemnunulia chai huyo bwana.

BARAKA: Kiwango ndicho. Tatizo klorini ya kweli haitulii hivyo. Utakuta 0.6, utakuta 0.48, halafu 0.55. Na safu ya jirani yake, usiku huohuo, inaonyesha tope la maji ghafi limepanda kutoka 12 hadi 90 kwa NTU, kile kipimo cha ukungu wa maji. Mvua imepiga huko juu, mto umegeuka rangi, halafu klorini haijatikisika hata punje? Hapana.

ZUHURA: Tuwafungulie wasikilizaji. 0.5 ya nini?

BARAKA: Miligramu kwa lita. Ukishatia klorini, nyingine inaliwa na uchafu uliomo majini, na inayosalia ndiyo mlinzi wa maji njiani hadi bombani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka ibaki angalau 0.5 baada ya kukaa na maji dakika 30, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe chini ya 8. Hilo la pH watu hulisahau. Kwenye 7.5 hivi, nusu tu ya klorini ndiyo iko katika hali ile kali ya kuua vijidudu. Ukipanda zaidi, unayo klorini nyingi kwenye karatasi na kazi kidogo kwenye maji.

ZUHURA: Kwa hiyo ukamwita, ukamfokea.

BARAKA: Subiri kwanza, nitafika huko. Kuna mji wanaousoma sana watu wa fani hii: Walkerton, jimbo la Ontario, Kanada. Mwezi Mei mwaka 2000 mvua kubwa zilisukuma samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kifupi cha mji. Watu 7 walikufa, wengine zaidi ya 2,300 wakaugua. Tume ilipochunguza ilikuta daftari limejaa 0.5 na 0.75. Klorini ilikuwa haipimwi kila siku kama ilivyotakiwa. Namba ziliandikwa tu.

ZUHURA: Yaani waliamua kuua watu?

BARAKA: Wala! Hao waliokuwa wanaandika walikuwa wanakunywa maji hayohayo, tena mengine bila klorini kabisa, wakiamini ni mazuri. Hapo ndipo panaponitisha mimi. Mtu mbaya ungemkamata. Mtu aliyezoea utamkamata vipi?

ZUHURA: Mh. Sasa twende kwenye usiku wenyewe wa mvua. Mto umechafuka, wewe ndiye msimamizi. Unafanya nini?

BARAKA: Kwanza sikimbilii klorini. Nakwenda kwenye shabu.

ZUHURA: Shabu hii ninayoijua mimi, ya mawe?

BARAKA: Hiyohiyo. Tope laini haliketi lenyewe, chembe zake zinasukumana. Shabu inazifanya zishikane ziwe madonge, yazame. Kiasi gani? Hukisii. Unapanga jagi 6 za maji ghafi, kila moja na dozi yake, unakoroga kwa kasi kwa muda mfupi, halafu polepole, halafu unaacha. Unainama unaangalia. Jagi la kwanza bado chai ya maziwa. La tatu limeanza kuonyesha vitu kama theluji chafu vinaelea. La nne vimekuwa vikubwa, vinashuka, juu kumeng'aa. La sita, lililopewa shabu nyingi kuliko yote, limerudia ukungu.

ZUHURA: Eti limerudia? Nilidhani ukiongeza ndiyo linazidi kutakata.

BARAKA: Hapo ndipo opereta mgeni anapoumia. Anaona mto mchafu, anafungua shabu mpaka mwisho. Shabu inashusha pH, maji yanakuwa makali, madonge hayashikani tena, inabidi utafute na chokaa ya kurekebisha. Msimamizi mzuri hamwambii weka nyingi au kidogo. Anamuuliza: jagi lako la ngapi limetakata? Asipokuwa na jagi la kunionyesha, tunarudi maabara wote wawili.

ZUHURA: Na vichujio?

BARAKA: Vichujio ndivyo ninavyovipenda kuliko kitu chochote mle ndani. Kila baada ya muda mchanga unaziba, inabidi uoshwe: unafunga, unasukuma maji safi kutoka chini kwenda juu. Simama ukutani utazame. Mchanga wote unatakiwa uchemke sawasawa kama uji. Ukiona sehemu moja inafoka na nyingine imelala, huko chini kuna tundu limeziba au nozo imevunjika. Hakuna skrini itakayokuambia mapema hivyo. Lazima jicho.

ZUHURA: Ukimaliza kuosha unafungulia, kazi imekwisha.

BARAKA: Ee, na hapo ndipo watu wanapoibiwa! Kichujio kilichotoka kuoshwa ni kama mlinzi aliyeamshwa usingizini. Maji yake ya mwanzo yana ukungu. Unatakiwa uyamwage, hadi kipimo kishuke, ndipo uyaruhusu kwenda tangini. Dakika 15, nusu saa, inategemea. Zamu inakaribia kwisha, opereta ana haraka, anafungulia palepale. Kwenye daftari ataandika tu "kichujio namba 3 kimeoshwa". Kweli kimeoshwa.

ZUHURA: Ila si klorini inakuja nyuma yake kusafisha?

BARAKA: Kwa vingi, ndiyo. Ila kuna kijidudu kinaitwa kriptosporidiamu, klorini ya kawaida hakiijali. Kikipita kwenye kichujio, kimepita. Milwaukee, Marekani, mwaka 1993: tope la maji yaliyokwisha kuchujwa kwenye mtambo mmoja lilipanda hadi 1.7. Namba ndogo, sivyo? Unayamimina kwenye glasi, huoni kitu. Waliougua walikadiriwa kufika 403,000.

ZUHURA: Laki nne!

BARAKA: Laki nne na ushee. Ndiyo maana nikiona kichujio kinatoa 0.3 leo, jana kilikuwa 0.1, mimi naanza kuuliza, hata kama 0.3 bado iko ndani ya kanuni. Wenzangu waliniita mzee wa desimali.

ZUHURA: Linakufaa. Haya, chumba cha klorini. Mimi naogopa hata harufu ya jiki.

BARAKA: Uogope tu, ni haki yako. Gesi ile ni nzito mara mbili na nusu kuliko hewa, inatambaa chini kama maji. Feni ya kuivuta inawekwa karibu na sakafu, si darini. Ukishuku mtungi unavuja, unapitisha kitambaa chenye amonia karibu na kiungo. Moshi mweupe ukitoka, umempata. Na haingii mtu mmoja. Niliwahi kumtoa opereta humo ndani kwa ukali, alikuwa peke yake, barakoa imening'inia shingoni kama mkufu. Sikuomba radhi.

ZUHURA: Sawa, umenizungusha vya kutosha. Yule wa 0.5.

BARAKA: Sikumwita. Zamu yake iliyofuata nikaenda saa nane usiku, bila kutoa taarifa. Nikamkuta macho, mtambo umefagiliwa, kila kitu mahali pake. Nikamwambia, kijana wangu, hebu tupime pamoja. Akaniangalia. Akafungua kabati, akatoa boksi la vile vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya waridi. Tupu. Limefutwa vumbi vizuri, ila tupu.

ZUHURA: Tangu lini?

BARAKA: Siku 9. Nikapandisha sauti: kwa nini hukusema? Akaniambia kwa adabu, "Nilisema, mzee. Niliandika fomu." Nikarudi ofisini kwangu na hasira zangu. Fomu iko mezani pangu, chini ya ripoti ya mwezi, ina tarehe na sahihi yake.

ZUHURA: Uwii.

BARAKA: Halafu nikakumbuka jingine. Mwezi mmoja nyuma opereta mwenzake aliacha nafasi moja wazi kwenye daftari, nikamsema mbele ya watu. Wote walisikia.

ZUHURA: Kwa hiyo walijifunza kutoacha nafasi wazi.

BARAKA: Walijifunza haraka sana.

ZUHURA: Naye ukamfanya nini?

BARAKA: Alipata onyo, kwa sababu namba ya uongo ni namba ya uongo. Na mimi nikaandika barua yangu kwa meneja, nikaeleza fomu ilikaa wapi. Asubuhi kwenye makabidhiano nikawaambia: ukishindwa kupima, andika "haijapimwa" na sababu, sitamfokea mtu. Ila hayo ni ya asubuhi. Usiku ule nilifungua maabara, nikachukua vidonge vya akiba, tukapima.

ZUHURA: Ikawa ngapi?

BARAKA: 0.2.

ZUHURA: Mama!

BARAKA: Tukashuka kwenye pampu ya dozi ya klorini kwa tochi. Inagonga vizuri tu, tak, tak, tak, ukiisikia kwa mbali unajua inafanya kazi. Tukamulika mpira wake. Ndani hewa imejaa, matone yanapita moja moja.